Siti binti Saad na Santuri Zake Zilizotawanyika

Kabla sijaanza kukusimulia maisha ya bibi huyu wa Unguja, kwanza niungame kosa langu. Mimi ndiye niliyevunja santuri yake. Naam, mimi mwenyewe, kidato cha tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, niliikalia kwa makalio yangu juu ya mkokoteni, tulipokuwa tukihama kutoka ploti moja hadi nyingine hapa hapa Mwihoko.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Vyombo vilipangwa kwenye mkokoteni: kitanda, meza, mitungi ya maji, na katoni moja nzito iliyofungwa kwa kamba ya katani. Katoni ilikuwa ya guka. Mimi nilidhani ni vitabu vya zamani, nikaona kiti hicho, nikaketi. Tulipofika penye mashimo karibu na stendi nikasikia kitu kimelia chini yangu kama sahani inayopasuka. Guka alikuwa akitembea nyuma na bakora yake. Hakusema kitu. Tulipofika akafungua kamba, akatoa santuri moja baada ya nyingine, akazipanga kitandani kabla hata godoro halijawekwa. Zilikuwa kumi na nne, nyeusi, nzito. Tano zilikuwa vipande.

Moja kati ya hizo tano ilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Maandishi yalikuwa yamesuguka, jina la wimbo halisomeki, ila jina la mwimbaji lilionekana vizuri. Guka alinieleza kwamba aliinunua mwaka 1968 akiwa kibarua bandarini Mombasa, kwa muuza vitu vikuukuu pale Mwembe Tayari. Yeye ni Mkikuyu wa Murang'a, wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, na maneno ya wimbo hakuyaelewa yote. Alipenda sauti tu. Gramafoni yenyewe ilishaharibika zamani, na mtu wa vyuma kuukuu wa Githurai aliichukua kabla mimi sijazaliwa. Kwa hivyo wimbo ule sijausikia hata siku moja, na nimeuvunja.

Ndipo nikaanza kuuliza: huyu Siti binti Saad ni nani hasa? Mwalimu wetu wa Kiswahili akanipa kitabu chembamba cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Nilikisoma kwa siku mbili. Mengine nimeyapata kwa kuuliza na kusoma huku na kule. Haya basi, tegeni masikio.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, watu wa bara waliofikia kisiwani katika zama za utumwa. Biashara ya watumwa ilikwisha pigwa marufuku Unguja mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897. Mtoto huyu hakupewa jina la Siti. Alipewa jina la Mtumwa. Hebu fikiria, rafiki yangu, kuitwa hivyo kila asubuhi na mama mzazi, si kwa matusi, ni jina lako tu! Hakupelekwa shule. Alichofundishwa ni kazi ya mama yake, kufinyanga vyungu.

Vyungu havijiuzi. Ilimbidi avibebe kichwani hadi mjini na kuvinadi njiani, nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo sauti yake ilipoanza kujulikana. Wasimulizi wanasema watu walikuwa wakiitambua sauti ya muuza vyungu kabla hajatokeza. Sisi tunaopanda matatu za Githurai tunaelewa jambo hili, maana kuna makanga ambao sauti zao unazijua ukiwa bado kitandani.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905 na ambacho kipo mpaka leo. Bwana huyu aliisikia sauti ile, akaamua kumfundisha: kuimba kwa kufuata ala, matamshi ya Kiarabu, na namna ya kukaa na wapiga udi na fidla. Si jambo dogo. Taarabu wakati huo ilikuwa burudani ya mabwana. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri karne ya kumi na tisa, na ikaimbwa Kiarabu katika jumba la kifalme, wanaume mbele ya wanaume wenye vyeo. Mwanamke wa shamba, mtoto wa ukoo wa watumwa, asiyesoma, kuingia humo kulikuwa kama mimi kuingia Bunge na sare ya shule.

Akajiunga na kikundi. Wenzake waliokuja kujulikana naye ni Subeti bin Ambari, Mbaruku Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Wakawa wanapiga katika nyumba za wakubwa, hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, na usiku mwingine wakapiga Ng'ambo, ule upande wa mji waliokaa makuli, wapishi, wachukuzi na watumwa wa jana. Jina la Mtumwa likaachwa. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Na alichokifanya ambacho mimi kama mwanachama wa Kiswahili siwezi kukipita haraka ni hiki: aliiimba taarabu kwa Kiswahili. Watu wa Ng'ambo sasa wakaelewa kinachoimbwa, wakacheka penye kuchekesha, wakalia penye kuliza.

Wenye wivu hawakukosekana. Waimbaji wapinzani walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakimuuliza tangu lini naye akawa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki. Walimsema pia hana uzuri. Yeye akajibu kwa wimbo, kwamba uzuri na ukoo si kitu pasipo akili. Maneno yenyewe siyaweki hapa, katafute kitabu maktabani. Mimi niliposoma sehemu hiyo nilifurahi peke yangu kama mwehu, hata dada yangu akauliza nina nini.

Tena hakuimba mapenzi tu. Kuna wimbo wake maarufu unaoitwa Kijiti. Unahusu mauaji ya kweli yaliyotokea Unguja. Mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam alichukuliwa matembezini na mwanamume wa jina hilo, akanyweshwa pombe, akatendewa ubaya, akauawa. Wanawake wawili waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliofungwa, na mwuaji akavuka bahari kwenda bara. Mahakama ilimaliza kazi yake hivyo. Siti na wenzake wakaimba, na mpaka leo jina la mtu yule linatajwa kwa aibu, ilhali jina la hakimu mimi silijui wala silihitaji.

Sasa tufike kwenye santuri, maana ndizo zilizonileta hapa.

Mwezi wa Machi mwaka 1928, Siti na kikundi chake walipanda meli kwenda Bombay, Bara Hindi, kwa mwaliko wa kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa na jina la His Master's Voice. Hata kamera ya simu ya mtoto wa darasa la tatu leo ina mitambo zaidi ya ile waliyoikuta. Kurekodi kulikuwa hivi: kinasa sauti cha umeme, kitu kilichoanza kutumika miaka mitatu tu kabla ya hapo, kilichukua sauti na kuifanya sindano ichimbe mfereji katika sahani laini ya nta inayozunguka. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa taarabu, ambao nyumbani ungeimbwa mpaka jogoo awike, ulibidi ukatwe uingie humo. Ukikohoa, umeharibu. Na nta ile huwezi kuicheza ili usikie umeimbaje halafu uirudishe kiwandani ikiwa salama, kwa sababu sindano ya kuchezea ingeila. Kutoka kwenye nta walitengeneza sahani mama ya chuma, na kutoka humo ndipo wakagonga santuri za kuuza, zilizotengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu fulani wa Bara Hindi. Shelaki ni ngumu lakini haina subira. Ukiiangusha inavunjika, ukiikalia (nimeshasema) inavunjika.

Hadi hapo hakukuwa na mwimbaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki aliyesikika katika santuri za biashara za namna hiyo. Zilipofika, mambo yakawa moto. Wenye migahawa na maduka ya kahawa waliweka gramafoni, watu wakasongamana mlangoni kusikiliza. Aliyekuwa Tanga, Mombasa au Lamu, ambaye asingeweza kupata nauli ya jahazi kwenda Unguja, sasa alimsikia Siti akiwa amekaa kibarazani. Inahesabiwa kwamba kufikia mwaka 1931 santuri za Siti na wenzake zilizouzwa zilikuwa takriban 72,000. Kwa wakati ule, na kwa vipato vile, ni nyingi ajabu. Kampuni nyingine, Columbia na Odeon, nazo zikaingia sokoni kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Kisha msukosuko wa uchumi wa dunia ukaja, hao mabwana wa kampuni wakafunga mikoba. Mwaka 1931 kampuni ya Gramophone na Columbia zikaunganishwa zikawa EMI. Biashara ya santuri za pwani ikafifia. Vita vya pili vya dunia vilipofika, shelaki ikaadimika, na katika nchi nyingi santuri za zamani zilikusanywa ziyeyushwe zitengenezwe nyingine. Hata sahani mama za chuma, za waimbaji wengi wa dunia nzima, ziliishia kuyeyushwa kwa kuwa chuma kilikuwa na kazi nyingine. Ndiyo maana leo, kwa nyimbo nyingi za miaka ile, kilichobaki si sahani mama. Kilichobaki ni nakala moja mbili kwenye sanduku la mtu chini ya kitanda.

Na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya watu wawili: Siti aliyeimba, na watu wanaozitafuta nyimbo zake.

Wenzangu wengi mnapenda muziki wa kizungu, najua, sitawasema. Basi mnafahamu kwamba wapenzi wa roki huko Marekani na Uingereza hutafuta kanda za Jimi Hendrix ambazo hazikutolewa akiwa hai. Alikufa mwaka 1970, na mpaka karne hii bado zilikuwa zikitolewa albamu mpya kutoka kwenye kanda zake za akiba. Mashabiki hubadilishana, huandika orodha, hugombana kuhusu tarehe ya kurekodiwa. Nilipokuwa mdogo niliona ni upuzi wa watu wasio na kazi. Kumbe Siti naye ana watu wake kama hao. Wapo wataalamu wa muziki walioacha nyumba zao Ulaya wakaenda kukaa Zanzibar na Mombasa, wakapekua makabrasha ya kampuni, wakaandika kila namba iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Makabrasha ya EMI yamehifadhiwa Hayes, magharibi mwa London. Maktaba ya Taifa ya Uingereza nayo ina santuri za Kiswahili za zama hizo, na mwaka 2007 kampuni ya Topic ilitoa albamu ya muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950 iliyotokana na hazina hiyo.

Hapa kwetu nao wapo. Nenda Kenyatta Market, Nairobi, utakuta kibanda kilichojaa santuri mpaka dari, katikati ya wachoma nyama na wasusi. Mimi nilikwenda mwezi wa nne na guka. Tulibeba vipande vyetu ndani ya gazeti. Kulikuwa na wazee wawili wakibishana kwa sauti kuhusu benga la miaka ya 70, na kijana mmoja aliyevaa kama mwanafunzi wa chuo kikuu, akigeuza santuri moja moja bila kuchoka, kama mama anayechagua maharagwe. Guka aliuliza kuhusu Siti. Wote wakanyamaza. Mzee mmoja akavichukua vile vipande, akaviunganisha mezani, akavisogeza karibu na dirisha ili asome namba. Kisha akaniuliza ni nani aliyevunja. Guka akajibu upesi kwamba ni barabara ya Mwihoko. Hiyo nayo ni kweli, lakini si kweli yote, na mimi nilitazama viatu vyangu.

Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba wakusanyaji hawa wana adabu yao. Santuri ya shelaki haishikwi katikati, inashikwa kingoni. Haipangwi kwa kulala nyingi pamoja, inasimamishwa kama vitabu. Haiwekwi juani, itapinda. Haioshwi kwa spiriti, maana spiriti inaiyeyusha shelaki. Guka alikuwa akiosha kwa spiriti miaka yote, masikini. Sindano ya chuma ya gramafoni ya zamani hula mfereji kila inapopita, kwa hivyo santuri iliyopendwa sana ndiyo iliyochakaa sana. Fikiria maana yake: nyimbo ambazo watu hawakuzipenda zimebaki safi, na zile zilizopigwa kila jioni pale mgahawani zimebaki mkwaruzo. Ukimsikiliza Siti leo kwenye simu, ile sauti inayosikika kama mvua juu ya mabati ni alama ya watu waliomsikiliza kabla yako.

Tuendelee na maisha yake. Siti hakuishi kwa santuri peke yake. Aliendelea kuimba nyumbani kwake na kwenye hafla, akafundisha, akawavuta wasichana wengine wakae nje ya dirisha wajifunze. Mmojawapo alikuwa Fatuma binti Baraka, tunayemjua sote kama Bi Kidude, ambaye aliziimba nyimbo za Siti kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2013. Kwa hivyo kuna nyimbo za Siti ambazo hazikuokolewa na mashine yoyote. Ziliokolewa na msichana mwenye kumbukumbu nzuri.

Mwishoni mwa maisha yake Siti alikutana na Shaaban Robert. Yeye alikuwa mshairi wa Tanga, mzaliwa wa mwaka 1909. Alimsikiliza bibi huyu akisimulia maisha yake, naye akaandika. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kabla kitabu hakijatoka. Kilichapishwa mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili, kisha kikatoka kama kitabu na kusomwa katika shule za Afrika Mashariki. Wajua kinachonishangaza? Siti hakujua kusoma shuleni kama sisi, na maisha yake ndiyo yaliyokuwa mojawapo ya wasifu wa kwanza kuandikwa kwa Kiswahili cha kisasa kuhusu mtu wa kawaida. Wasifu wa masultani ulikuwa mwingi. Wa mfinyanzi haukuwepo.

Nina lalamiko dogo kwa marehemu Shaaban Robert, anisamehe. Anamsifu Siti mno, mpaka mahali pengine unamkosa Siti unabaki na sifa. Ningependa kujua alikasirika vipi, alikula nini melini akienda Bombay, alisema nini aliposikia sauti yake mwenyewe mara ya kwanza ikitoka kwenye pembe. Lakini angalau yeye alikwenda kumwuliza akiwa hai. Wengine tumesubiri.

Jina lake halikupotea. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, walianzisha gazeti wakaliita Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu inayoitwa Siti of Unguja, akiimba nyimbo za bibi yake mkuu kwa ala za zamani na mpya. Nimeisikiliza kwa simu ya dada, kwa bando la shilingi ishirini, likaisha katikati.

Na santuri yetu? Yule kijana wa Kenyatta Market alituambia kuna mashine Marekani, katika maabara ya Berkeley huko California, inayoitwa IRENE. Haitumii sindano. Inapiga picha za mifereji ya santuri, kisha kompyuta inazigeuza picha kuwa sauti, na hata santuri iliyovunjika inaweza kusomwa kama vipande vyote vipo. Guka alisikiliza kwa makini, akauliza nauli ni kiasi gani. Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa akitania.

Vipande vyote vipo. Nilirudi kwenye mkokoteni siku ile ile nikaokota hata vile vidogo kama ukucha, nikahesabu, vikawa saba. Tumevilaza kwenye katoni ya unga, kati ya magazeti, na guka ameandika juu kwa kalamu ya wino kwamba hapakaliwi. Ile namba iliyo katikati yule mzee aliiandika kwenye daftari lake. Alisema atawauliza wenzake kama kuna mwingine yeyote mwenye santuri hiyo nzima. Tangu mwezi wa nne guka huniuliza kila Ijumaa kama kuna simu imepigwa.